Treni Imekwama, Nyumba Iko Malindi

SWALI: Ami shikamoo. Mimi nafanya kazi Voi lakini nyumba yangu iko Malindi, huku Maweni. Ijumaa mchana nikitoka kazini napanda treni mpaka Miritini, stesheni ya Mombasa, halafu naunganisha matatu. Juzi treni ikafika Miasenyi, stesheni ndogo ya njiani, ikasimama hapo, tumekaa mpaka jua likapinda hakuna anaesema kitu, mwisho yakaletwa mabasi tukapelekwa Miritini tukafika magharibi, mateksi yamepandisha bei, mjini foleni ya Malindi haina mwisho, Mtwapa jam, nimebisha hodi usiku wa manane na bibi amenuna ati treni gani hio. Kwani ilikuwa lazima nipande hilo basi? Na nauli yangu naweza kudai?
Baba Wawili, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Lazima sio, ila Miasenyi ukikataa basi utabaki na nani, na ndovu wa Tsavo? We panda tu. Lakini kabla hujapanda muulize dereva mwenyewe anapitia wapi, manake hapa ndio watu wa Malindi tunapojipoteza, tunakaa kwenye kiti mpaka Miritini kwa sababu tiketi imeandikwa hivyo. Basi sio treni bwana, linafuata barabara kubwa ya Nairobi, na barabara hio inapita Mariakani mjini. Mwambie akushushe hapo. Pale kuna barabara ya lami inakwenda Kaloleni, inateremka mpaka Mavueni, na Mavueni ndio ushatokea barabara ya Malindi, Kilifi iko hapo mbele ukivuka daraja. Kilifi mpaka Malindi ni kama kilomita 60 hivi, yani umekata nusu ya ile safari ya kutoka Mombasa na umeikwepa Makupa, daraja la Nyali, Bamburi na hio Mtwapa yako ya Ijumaa jioni. Tena umeepuka malori yanayojipanga kutoka Mariakani kuteremka Mazeras, mimi hayo ndio yanayonimaliza roho.

Treni yenyewe pia, ile ya asubuhi inayosimama stesheni ndogo ndogo, inasimama Mariakani, kwa hivyo hata siku haijakwama unaweza kushukia hapo ukachukua boda mpaka stejini. Sharti ni moja, iwe mchana. Matatu za Kaloleni jioni hupungua na ukikwama Kaloleni usiku ni afadhali ungekwama Mombasa, ambako angalau kuna gesti na chai. Kukishaingia giza usijaribu, endelea na basi, na ukiona foleni ya Malindi imekushinda lala kwa ndugu yako Kisauni uondoke baada ya alfajiri. Kukimbizana na matatu ya mwisho, dereva keshachoka na wewe ushachoka, mimi siungi mkono kabisa.

Bibi mpigie treni ikisimama tu, usingoje ufike. Simu ya saa nane mchana huaminika kuliko maelezo ya saa sita usiku.

Kuhusu nauli, Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya huduma, na iko sheria ya kulinda watumiaji ya 2012. Kwa hivyo haki unayo, kazi ni ushahidi. Tiketi usiitupe, meseji ya malipo usiifute, piga picha ya saa na kibao cha stesheni, risiti ya teksi pia iweke, halafu andika malalamiko kwa karatasi hapo hapo stesheni na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Hawa Waitaliano tunaokaa nao hapa Malindi, kwao sheria ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida inawarudishia robo ya nauli treni ikichelewa saa nzima, na nusu ya nauli ikifika masaa mawili, wala hapigi mtu kelele. Wewe hesabu zako usizijenge juu ya hizo pesa, nauli ya kutoka Mariakani toa mfukoni mwako uwahi nyumbani, barua ifuate Jumatatu ukirudi Voi.