Ngome Tatu za Mpakani: Ushauri kwa Anayetaka Likizo Fupi ya Kutembea kwa Miguu Wales

Wengi wetu tunaoishi Uingereza, tunapopata wageni kutoka nyumbani wanaotaka kuona ngome za Wales, tunawapeleka moja kwa moja kaskazini, kwenye Conwy, Caernarfon, Harlech na Beaumaris, zile ngome kubwa za Mfalme Edward wa Kwanza ambazo sasa zimo katika orodha ya urithi wa dunia. Uzuri wake haupingiki. Hata hivyo, mtu mwenye siku chache za likizo na miguu yenye afya namshauri aelekee kusini-mashariki, Monmouthshire, ambako ngome za White Castle, Skenfrith na Grosmont zimeunganishwa na njia ya mzunguko ya takribani kilomita 30, inayopita katikati ya mashamba ya malisho, vijito na vilima. Kule kaskazini utahitaji gari kutoka ngome moja hadi nyingine, na mwisho wa siku utabaki na picha za kuta. Huku miguu yenyewe ndiyo itakayokufundisha kwa nini ngome zilijengwa pale zilipo.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, walijikuta wanapakana na Wales, nchi ambayo hawakuweza kuitiisha kwa haraka, na bonde la mto Monnow lilikuwa mlango wa kupitia kati ya pande hizo mbili. Wakalizuia kwa ngome za udongo na mbao. Baadaye, baada ya Wawelshi kuinuka mwaka 1135, Mfalme Stephen aliziweka ngome hizo tatu chini ya mamlaka moja, na mwaka 1201 Mfalme John akamkabidhi zote kwa pamoja mtumishi wake Hubert de Burgh, ambaye ndiye aliyeijenga Grosmont na Skenfrith kwa mawe. Tangu hapo kwa karne nyingi zilihesabiwa kuwa milki moja. Ukizitembelea kwa gari jambo hili utalisoma tu kwenye kibao. Ukitembea kutoka moja hadi nyingine kwa saa tatu au nne, ukiwa umechoka lakini bado una nguvu, utaelewa kwamba huo ndio umbali ambao askari wa miguu angeweza kuumaliza kabla ya adhuhuri ili kuwasaidia wenzake.

Kuna watembeaji hodari wanaoumaliza mzunguko wote kwa siku moja. Mimi siwashauri wasomaji wangu wafanye hivyo, kwa sababu mtu anayeharakisha kilomita 30 huifikia kila ngome akiwa anatazama saa. Gawa safari katika siku tatu, kila siku kilomita 9 hadi 12, ulale Skenfrith usiku wa kwanza na Grosmont usiku wa pili. Vijiji hivi ni vidogo na vyumba vya wageni ni vichache, kwa hiyo weka nafasi mapema, hasa kwa miezi ya kiangazi na mwisho wa juma. Anayekula halali au asiyekula nyama aseme tangu anapoweka nafasi, kwani jiko la kijijini haliwezi kubadilisha mipango saa ya chakula. Chakula cha mchana na maji ubebe mwenyewe kila siku. Njiani usitegemee kukuta duka.

Fika Abergavenny kwa treni, ambayo ni rahisi kwa anayetoka Cardiff, Newport au Hereford, kisha chukua teksi hadi White Castle, mwendo wa kilomita 10 hivi. Naipendekeza iwe ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoonyesha uso wa vita waziwazi kuliko zote. Haina kijiji pembeni, haina ukumbi wa fahari. Ni kuta, minara na handaki pana ambalo hadi leo lina maji, na unalivuka kwa daraja la mbao. Jina lake linatokana na lipu nyeupe iliyopakwa kutani zamani, na ukizunguka polepole ukikagua mawe utaona mabaki yake yamegandamana hapa na pale.

Tenga muda wa kutosha kwenye matundu ya kupigia mishale yaliyomo minarani. Kwa kawaida tundu la aina hii lina umbo la msalaba, mkono wa kushoto na wa kulia vikiwa sawa. Hapa mikono haiko usawa: mmoja uko juu, mwingine chini. Simama ndani, weka jicho mahali pa mpiga mishale, na utaona faida yake, kwani ardhi ya nje imeinama na mlengaji alihitaji kuona mbali zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Minara hiyo iliongezwa katika miaka ya 1260, wakati Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, alipokuwa na nguvu kubwa, na katika kazi hiyo lango kuu lilihamishwa kutoka kusini kwenda kaskazini. Panda ngazi za mnara wa lango. Siku ya anga safi utaiona milima ya Skirrid na Sugar Loaf upande wa magharibi, ndiko walikotarajiwa maadui. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Rudolf Hess, aliyekuwa naibu wa Hitler, alizuiliwa hospitalini Abergavenny kuanzia mwaka 1942, na walinzi wake walikuwa wakimleta hapa kupunga hewa.

Kipande cha kuelekea Skenfrith ni cha mashamba, na hapa nawaomba wasomaji wasikilize kwa makini. Njia ya umma ya miguu katika nchi hii hupita katikati ya shamba la mtu kwa haki ya kisheria, ikifuata mishale ya njano iliyopigiliwa kwenye nguzo na malango. Usiondoke kwenye mstari huo. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge, na ulilolikuta wazi liache wazi. Utavuka nyua kwa vipandio vya mbao vingi kuliko unavyodhani, na baada ya mvua vinateleza, kwa hiyo shuka ukiwa umegeuka nyuma kama unavyoshuka ngazi. Ng'ombe wenye ndama wapitie kwa mbali, usikatize kati ya mama na mtoto, na wakikufuata usikimbie. Endelea kwa hatua za kawaida hadi langoni. Mwenye mbwa amfunge kamba. Ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:25,000 ni ya lazima, kwa maana mtandao wa simu hupotea mabondeni, na mishale nayo mara nyingine hufunikwa na majani.

Skenfrith imekaa chini kabisa, kando ya mto Monnow, katikati ya kijiji. Mnara wake mkuu ni wa mviringo, juu ya kichuguu cha udongo, na umezungukwa na ukuta wa pande nne wenye minara pembeni. Chungulia vyumba vya upande wa magharibi, ambavyo vilifukiwa kwa kokoto wakati wa ujenzi ili kuinua uwanja. Ndiyo sababu sehemu zake za chini zimebaki katika hali nzuri kiasi kile. Kisha ingia kanisa la Mtakatifu Bridget, hatua chache tu kutoka hapo, ukaone joho la kipadri lililotariziwa katika karne ya 15, ambalo limehifadhiwa ndani ya kabati la kioo.

Siku ya pili ndiyo yenye mlima, Graig Syfyrddin, wenye urefu wa mita 423. Kupanda si kugumu, ila ni kwa muda mrefu, na juu kuna upepo hata kiangazi. Koti la mvua liwe karibu, na viatu viwe vya kushika kifundo cha mguu. Buti za mpira hazifai, kwani zinachubua.

Grosmont ina mawe mekundu na ukumbi wa Hubert, na bomba refu la moshi la karne ya 14 ambalo limesimama hadi leo, kumbukumbu ya enzi ambazo ngome iligeuzwa kuwa makazi ya watawala wa Lancaster, tawi la ukoo wa kifalme wa Uingereza. Mwezi wa Novemba 1233 Mfalme Henry wa Tatu alikuwa hapa, na jeshi lake lililopiga kambi nje ya kuta lilivamiwa usiku, likapoteza farasi na mizigo. Machi 1405 jeshi la Owain Glyndŵr, Mwelshi aliyeongoza uasi dhidi ya utawala wa Uingereza, nalo lilishindwa hapa hapa. Ukikiona kijiji kilivyo kidogo na kanisa lilivyo kubwa, utajua kwamba zamani huu ulikuwa mji.

Siku ya tatu unarudi White Castle kupitia Llangattock Lingoed, ambako kanisa la Mtakatifu Cadoc limepakwa chokaa nyeupe. Baada ya hapo unafuata kwa muda njia ndefu ya miguu iitwayo Offa's Dyke, ambayo alama yake ni tunda la mwaloni. Miezi ninayoipenda ni Mei, Juni na Septemba. Mwezi wa Juni mwanga hudumu hadi saa tatu na nusu usiku, ilhali Desemba jua limezama kufikia saa kumi jioni na tope ni la kuzama mguu. Saa za kufunguliwa na kiingilio vitazame kwenye tovuti ya Cadw, idara ya Serikali ya Wales inayotunza majengo ya kihistoria, kwani hubadilika kulingana na msimu. Na teksi ya kurudi Abergavenny iagize ukiwa bado Grosmont, upange saa moja zaidi ya unayoihitaji, kwa sababu hakuna sehemu ya kungojea pale White Castle ikinyesha.