Bunduki ya kukunja haitakukinga na mbogo

SWALI: Afande, shikamoo. Nina ranchi Nakasongola, hapa Uganda, na nina leseni ya bunduki ya marisau. Mwaka huu mimi na rafiki zangu tunapanga safari za miguu, kwanza kambi katika hifadhi ya Kidepo, kisha milima ya Rwenzori. Bunduki yangu ni ndefu na nzito, haibebeki mgongoni kutwa nzima. Nimeona mtandaoni bunduki za .22 (kipenyo cha inchi 0.22) za kukunja, nyingine hazifiki kilo 2 na zinaingia kwenye begi. Ninunue ipi kwa ajili ya kujikinga na wanyama, na niifunge vifaa gani: darubini, taa, kilengeo cha nukta nyekundu? Kuna fundi pia anasema anaweza kuifanya hii niliyo nayo ikunjike.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nitafika kwenye aina za bunduki na vifaa vyake, lakini nianze na hayo maneno "kujikinga na wanyama". Ndiyo ninayoulizwa kila mara, na kila mara yanakuja pamoja na bunduki ileile, .22 ya kukunja. Mtu anaiona kwenye video, anaona ilivyo ndogo, anaona Mmarekani akiitoa kwenye begi msituni, anaamini amepata mlinzi. Ukikutana na mbogo, bunduki hiyo haitakusaidia kitu. Kibaya zaidi, imani uliyoiweka kwake itakufanya usimame mahali ambapo ulipaswa kuwa umeshaondoka.

Tazama hesabu. Risasi ya kawaida ya .22 ina gramu 2.6 na inatoka mtutuni na nguvu ya juli 180 hivi. Risasi ya .375 H&H Magnum, ambayo wawindaji wengi wa Afrika huihesabu kuwa ndiyo ya chini kabisa kwa mbogo, ina gramu 19 na nguvu ya juli 5,500 hadi 5,800. Ni mara 30 na zaidi. Mbogo dume hufika kilo 700 na kuzidi, na juu ya paji lake zimekutana pembe nene kama ngao. Hata wenye .375 humpiga vizuri na bado akaingia kwenye nyasi ndefu akiwa hai, wakalazimika kumfuata. Wewe ukimpiga kwa .22 utamjeruhi tu. Mbogo aliyejeruhiwa huwa mkali zaidi, na atakayelipa ni mama atakayepita njia hiyo kesho yake akienda kuokota kuni, ambaye hata hajui kwamba kulikuwa na mtu na bunduki.

Ongeza na muda. Chukua AR-7, .22 ya Kimarekani inayotenganishwa vipande, ambayo ndiyo wanayoisifu zaidi kwa wepesi wake wa kilo 1.6. Ili uitumie unafungua kifuniko cha nyuma ya kitako, unatoa sehemu yenye triga, unatoa mtutu. Sehemu yenye triga unaiingiza kwenye kitako na kukaza skrubu ya kwenye kishikio. Mtutu una kijino chake. Lazima kikae sawasawa kwenye mfuo wake ndipo ukaze nati kwa vidole. Kisha magazini ya risasi 8, kisha unakoki. Mtu aliyezoea, aliyetulia mezani, hilo si jambo la sekunde mbili tatu. Mbogo aliye mita 30 kutoka ulipo, akija kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, anakufikia kwa sekunde 2 na kidogo. Na zile za kukunja zenye bawaba, hata kama zinafunguka haraka, ndani ya begi zinapaswa kuwa tupu, kwa hiyo bado utatafuta risasi mfukoni huku mikono inatetemeka.

Bunduki hizi hazikubuniwa kwa kazi hiyo. AR-7 ilitoka kwa mbunifu wa bunduki Eugene Stoner pale kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950, na mama yake ni AR-5, iliyotengenezwa kwa ajili ya marubani wa jeshi la anga la Marekani. Rubani ndege ikianguka porini, anakaa akisubiri kuokolewa, ana njaa, anapiga sungura au ndege ale. Kwa kazi hiyo ni bunduki nzuri sana. Wanaoiuza leo kama kinga dhidi ya wanyama wakubwa wanamuuzia mtu hatari, na wengi wao hawajawahi kusimama upande wa chini wa upepo kutoka kwa kundi la mbogo.

Halafu kuna Kidepo yenyewe. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019, kuingia na silaha katika hifadhi bila ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, ni kosa, na leseni yako ya polisi haikuondolei kosa hilo. Ukikutwa bondeni Narus na .22 iliyokunjwa kwenye begi, hakuna askari atakayekuona mtalii. Atakuona jangili, kwa sababu silaha ndogo inayofichika ndiyo anayoipenda jangili. Na kufika huko unapita Karamoja, ambako jeshi limekuwa likikusanya silaha haramu tangu kampeni za 2001 na 2006, na tena tangu Julai 2021 kwa operesheni ya Usalama Kwa Wote. Watu wamekufa kwa bunduki huko, vijiji vimebaki bila ng'ombe. Kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na bunduki iliyofichwa chini ya nguo, hata kama makaratasi yako ni safi, ni kujitakia saa za maelezo na pengine mabaya zaidi.

Kwa matembezi ya Kidepo utapewa askari wa UWA. Mara nyingi amebeba AK, ambayo risasi yake ina juli 2,000 hivi, na pamoja na hayo kazi yake ya kwanza ni kuwaona wanyama mapema na kuwazungusha ninyi njia nyingine. Ikishindikana, anafyatua hewani. Mfuate anapokwenda, nyamaza anaponyamaza, usikae kati ya wanyama na maji wakati wa kiangazi wanapojazana Narus. Hiyo ndiyo kinga. Rwenzori hata sina la kuongeza kuhusu bunduki: kinachoua huko ni mvua, baridi na ugonjwa wa kimo, na kilele cha Margherita kiko mita 5,109. Kilo 2 za chuma zibadilishe kwa koti la mvua na soksi kavu.

Sasa turudi ranchini, kwa sababu huko bunduki nyepesi inaweza kuwa na kazi. Kumbuka tu kwamba wanyamapori hata katika ardhi yako binafsi ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi. Nguruwe mwitu, nyani na tumbili wametangazwa kuwa wanyama waharibifu, lakini njia ya kuwapunguza inapita kwa afisa wa wanyama waharibifu wa wilaya yako. Kanga na kwale hawamo katika kundi hilo. Kwa nguruwe mwitu .22 ni ndogo mno. Marisau makubwa ya bunduki uliyo nayo, kwa umbali mfupi, yanafanya kazi kwa heshima zaidi kwa mnyama. Ukikubaliwa kuongeza .22 kwa wanyama wadogo, ushauri wangu ni ya boliti, yaani unayoikoki kwa mkono kila risasi, mtutu mfupi, kitako kisichokunjika. Ranchini unatembea na pikapu au kwa miguu saa moja mbili. Huhitaji kitu kinachoingia kwenye begi.

Kama bado unataka ya kukunja, elewa kwanza inakunjika wapi, maana wauzaji huyachanganya haya makusudi. Kuna inayokunja kitako peke yake. Mtutu na sehemu yenye triga havitengani, kwa hiyo shabaha haihami. Kuna inayovunjika katikati kwa bawaba, kama Little Badger ya Chiappa, risasi moja moja, kilo 1.3. Na kuna inayotenganishwa mtutu, kama AR-7 au Ruger 10/22 Takedown yenye kilo 2.1. Hii ya tatu ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi kwenye shabaha: darubini iko kwenye sehemu yenye triga, mtutu unatoka na kurudi, na nati isipokazwa vilevile kila mara, risasi inakwenda pengine.

Jaribio ni rahisi, na muuzaji asiyekubali ulifanye mwache. Karatasi mita 50, bunduki juu ya mfuko wa mchanga, risasi 5. Ikunje au itenganishe, irudishe, piga 5 nyingine kwenye karatasi ileile. Rudia mara ya tatu. Matundu yakijikusanya mahali pamoja, bawaba ni nzuri. Yakifanya makundi mawili au matatu yaliyoachana, darubini ya bei yoyote haitaiponya bunduki hiyo. Kabla hata ya kufyatua, hakikisha ni tupu, shika kitako kwa mkono mmoja na mbele kwa mwingine, itikise karibu na sikio. Ikigonga ikiwa mpya, baada ya msimu mmoja itakuwa inacheza.

Vifaa: mkanda mzuri wa begani kwanza, na ukishaufunga kwenye hiyo bunduki ndefu unayoilalamikia, pengine utagundua kuwa shida ilikuwa namna ya kuibeba. Kisha kamba ya kusafishia mtutu, chupa ndogo ya mafuta, na kopo lisilopitisha maji la risasi. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi au ya sponji. Hunyonya unyevu, na kutu huanza upande usiouona. Darubini ya mara 4 inatosha, ila nunua iliyotengenezwa kwa .22, kwa sababu hizo hurekebishwa kiwandani kwa umbali wa mita 45 hivi, na za bunduki kubwa kwa mita 90 au zaidi; ukiifunga ya bunduki kubwa, kwenye shabaha ya karibu jicho likisogea kidogo, alama nayo inasogea. Nukta nyekundu ni nzuri kwa haraka, lakini kwenye bunduki zinazokunjwa kwenda juu, kama SUB-2000 za awali za kampuni ya Kel-Tec, ikifungwa kawaida juu inazuia bunduki isikunjike, na watu wengi hugundua hilo baada ya kulipa. Taa, hapana. Taa iliyofungwa kwenye bunduki maana yake ni kwamba kila unachokimulika umekielekezea mtutu, na usiku Nakasongola kinachosogea kwenye kichaka mara nyingi ni mchunga ng'ombe. Ile .22 unayoidharau kwa mbogo inasafiri zaidi ya kilomita moja na nusu ikikosa ilipolengwa, na ikigonga jiwe au maji inaruka upande usioutarajia.

La fundi ndilo linalonikasirisha. Nimeshika bunduki za aina hiyo, kitako kimekatwa kwa msumeno, bawaba ya mlango wa chuma imechomelewa nyuma ya bodi (sehemu ya chuma yenye triga), rangi nyeusi imepakwa juu ili kovu lisionekane. Bunduki nyingi za marisau zinazovunjika katikati zina skrubu ndefu inayopita ndani ya kitako na kukishika kwenye bodi. Ukikata kitako umekata kilichokuwa kikipokea teke. Joto la kuchomelea linalainisha chuma kilichokuwa kimekazwa, na springi zilizo karibu zinapoteza nguvu. Kikulabu kidogo kinachoishika nyundo kikishalainika, kinalika haraka, na siku moja unaifunga bunduki, hujagusa triga, inalia. Wakati huo mtutu unaelekea mguu wako au mgongo wa mwenzako aliye mbele yako njiani.

Na sheria nayo haijalala. Leseni yako imeandikwa kwa bunduki fulani, aina yake, kipimo chake, namba yake. Tangu 2018 serikali ilipoagiza bunduki zote zichukuliwe "alama za vidole", yaani alama ambazo kila bunduki huacha kwenye risasi zake, polisi wanajua zaidi kuhusu silaha yako kuliko unavyodhani. Bunduki iliyokatwa na kufichika imekuwa kitu kingine mbele ya afisa, na fundi aliyeikata hatakuja kusimama nawe mahakamani. Wapo pia wanaosema eti bunduki iliyotenganishwa vipande si bunduki mpaka iunganishwe. Msiwasikilize. Polisi wa kizuizi cha barabarani atahesabu vipande, ataviona vimekamilika, na atakuandikia bunduki moja.

Wewe unayesoma na tayari unayo iliyokatwa au kuchomelewa, usiipige hata kujaribu, na usimpe mwingine. Toa risasi, fungua bodi ionekane tupu, mpigie afisa wa polisi anayeshughulikia leseni yako kabla hujatoka nayo nyumbani, umweleze ilivyo na nani aliikata. Akikuelekeza namna ya kuileta, ilete hivyohivyo, ikiwa imefunguliwa.