Kijana wako ni kwotabeki wa chuo? Tafuta kile ambacho chuo kinamfichia

Hapa Columbus, Ohio, Jumamosi ya Oktoba haina mazungumzo mengine. Hata kwenye harusi ya Watanzania utakuta wanaume wamejibanza jikoni wakichungulia simu, Ohio State, chuo cha hapa, wanacheza mpira wa Kimarekani. Mimi kwa misimu kadhaa nimekuwa nikijitolea kukata video za mechi za timu moja ya shule ya sekondari, kazi ya kurudisha picha nyuma na mbele mpaka macho yanauma, na kwa sababu hiyo wazazi wenzangu wenye vijana wanaocheza nafasi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, hunipigia simu. Mtoto anarusha mpira yadi 60, chuo kimemchukua, je, NFL, ligi ya kulipwa, atafika? Na akifika, atadumu?

Mimi siwajibu kuhusu mkono. Wanaofika huko wote wana mkono. Ninachowaambia ni hiki: mfumo mzuri wa chuo humpunguzia kijana kazi ili timu ishinde Jumamosi, na kazi ile aliyopunguziwa ndiyo atakayodaiwa siku ya kwanza ya kulipwa mshahara. Basi aitafute angali chuoni, hata kama hakuna anayemlazimisha.

Anza na uwanja wenyewe. Upana ni uleule kote, futi 160. Tofauti iko kwenye zile safu mbili za alama fupi za katikati zinazoamua mpira uanzie wapi. Chuoni zimeachana futi 40; NFL ni futi 18 na inchi 6. Mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto chuoni, upande wa kulia una futi 100 za nyasi tupu na wa kushoto 60 tu. Mabeki hawana budi kuegemea upande mpana, na wakishaegemea wamekwisha kukuonyesha mpango wao. Kule NFL mpira karibu kila mara uko katikati. Beki wa mwisho anasimama pale hajaonyesha lolote, na anaanza kuhama mpira ukishaondoka kwa senta, yule anayempa kwotabeki mpira. Kijana aliyezoea kuusoma uwanja kabla ya mchezo, yaani shambulio moja, kuanza anajikuta alichosoma kimegeuka mbele ya macho yake.

Halafu kuna sheria ya wale majitu wa mstari wa mbele wanaomlinda kwotabeki. Kwenye pasi, chuoni wanaruhusiwa kusogea mbele hadi yadi 3 kabla mpira haujarushwa. NFL ni yadi 1. Unaweza kusema yadi mbili ni kitu gani. Lakini ule mchezo unaopendwa mno vyuoni, ambapo kwotabeki anamwekea mkimbiaji mpira tumboni, anamtazama beki mmoja, kisha anaamua kumwachia au kuuchomoa na kupasi, unapumulia ndani ya yadi hizo mbili. NFL nao wanaucheza, ila kwa haraka zaidi na mara chache zaidi. Niliwahi kupitia video za kijana mmoja wa jamii yetu aliyekuwa chuoni, na sehemu kubwa ya pasi zake zilitoka kwenye mchezo huo. Takwimu zake ziling'aa. Ukiziondoa pasi hizo, hukuweza kujua kama anaweza kuusoma uwanja wote au la, maana hakuna aliyewahi kumtaka ausome.

Lililo gumu kuliko yote ni muda wa kuachia mpira. Chuoni unaweza kusubiri uone mpokeaji ameachana na beki ndipo umrushie. Ukisubiri hivyo NFL umechelewa. Mpira unatakiwa utoke mkononi wakati jamaa bado amekupa mgongo, kwa kuamini kwamba akigeuka atakuwa mahali fulani, na haya yote chini ya sekunde tatu huku mtu wa kilo 120 anakujia. Kwotabeki Peyton Manning alichaguliwa wa kwanza mwaka 1998, timu za NFL zilipogawana vijana wa vyuo, na msimu wake wa kwanza alinyang'anywa mpira hewani mara 28. Timu yake, Indianapolis, walishinda mechi 3, wakapoteza 13. Mwaka uliofuata wakashinda 13. Mkono ulikuwa uleule.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana: acha kutazama mechi kwa kuufuata mpira. Tafuta picha ya kamera ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22, mtazame beki wa mwisho peke yake kwa mechi nzima, na kabla mchezo haujaanza sema kwa sauti unadhani atakwenda wapi. Kisha iache picha iende. Utakosea sana mwanzoni, na hapo ndipo kazi ilipo.

Ushauri wa pili ni wa mdomo. Tangu 1994 kwotabeki wa NFL ana redio ndani ya helmeti. Kocha anamwambia mchezo, na zikibaki sekunde 15 kwenye saa inayohesabu muda wa kuanzisha mchezo, redio inazimwa. Kutoka hapo yuko peke yake. Mchezo wenyewe una jina refu kama anwani ya posta: namna ya kujipanga, nani asogee, nani amlinde nani, njia za wapokeaji, na mara nyingi mchezo wa pili wa akiba iwapo mabeki wamejipanga vibaya kwenu. Anausikia mara moja, anawaambia wenzake kumi bila kukosea, anatembea hadi kwenye mstari, anabadilisha kinachohitaji kubadilishwa. Vyuo vingi havina haya. Wachezaji wanasimama tayari, wote wanageukia benchi, wanaonyeshwa ishara za mikono au bango lenye picha, kocha mwenyewe amekwisha kuwasoma mabeki kwa niaba yao. Redio zenyewe vyuo vya daraja la juu vimeruhusiwa kuanzia 2024 tu.

Zoezi lake halina gharama. Andika majina marefu ya michezo, mpe mdogo wako akusomee moja mara moja tu, nawe ulirudie kwa sauti ya kamanda huku unapanda ngazi mbio. Majirani watauliza maswali. Waache waulize.

Na hapa niseme jambo ambalo makocha wa Kimarekani hawaoni kwa watoto wetu. Kijana aliyelelewa kumwamkia kila mkubwa shikamoo anaingia kwenye duara la wachezaji, mbele yake kuna baba wa watoto watatu mwenye miaka 33, na kazi yake ni kumwambia nyamaza, sikiliza, simama pale. Nimeona vijana wetu sekondari wakisema mchezo kwa sauti ya kuomba ruhusa. Wazazi, mfundisheni mapema kwamba kuamuru uwanjani si utovu wa adabu. Nyumbani aendelee kuosha vyombo.

Miguu nitaigusa haraka. Vyuo vingi hucheza kwotabeki akiwa amesimama yadi kama tano nyuma ya senta. NFL atadaiwa pia kuupokea mpira mikononi mwa senta na kurudi nyuma huku amewapa mabeki mgongo kwa kitambo. Afanye mazoezi hayo hata kama timu yake haiyatumii. Anayesema usahihi hauongezeki amtazame kwotabeki Josh Allen: alitoka chuo cha Wyoming akaenda timu ya Buffalo, mwaka 2018 pasi zake zilizofika zilikuwa asilimia 52.8, na 2020 asilimia 69.2. Alirekebisha miguu na nyonga, na Buffalo wakamletea wapokeaji wazuri.

Hilo la Buffalo lisipite bure. Mahali anapoangukia kijana pana uzito ambao sisi mashabiki hatupendi kuukubali, tunapenda kulaumu mtu. David Carr, chaguo la kwanza mwaka 2002, alipelekwa Houston Texans, timu mpya kabisa, akaangushwa chini na mabeki angali ameshika mpira mara 76 katika msimu mmoja. Hakuna mazoezi ya ngazi yanayotibu hilo. Patrick Mahomes alikaa akiba msimu wa 2017 nyuma ya kwotabeki mwenzake Alex Smith, akaanza mechi moja tu, kisha 2018 akarusha pasi 50 za tachidauni, yaani za kufunga, na kuwa mchezaji bora wa ligi. Jordan Love naye alikaa akiba akimtazama kwotabeki Aaron Rodgers kwa misimu mitatu. Mwaka 2023 Bryce Young na C.J. Stroud walichaguliwa wa kwanza na wa pili. Stroud alimaliza na tachidauni 23 na mipira 5 tu iliyonaswa, Young timu yake ikashinda mechi 2, kocha akafukuzwa msimu haujaisha, na 2024 yeye mwenyewe akawekwa benchi baada ya mechi mbili. Alipong'ang'ania na kurudishwa alikuwa mtulivu zaidi. Sam Darnold alipitia New York Jets na Carolina akionekana amekwisha, akakaa akiba San Francisco, halafu 2024 akaiongoza Minnesota kushinda mechi 14.

Kuchagua timu ya NFL huwezi, chaguo ni lao. Chuo unaweza, na siku hizi kuhama pia ni rahisi. Basi mkienda kutembelea chuo, acheni wenzenu wavutiwe na jezi na ukumbi wa kunyanyulia vyuma. Mzazi amuulize kocha maswali mawili. Mchezo ukibadilishwa dakika ya mwisho, nani anabadilisha, kwotabeki au benchi? Na mabeki wakituma watu wengi kumfuata kwotabeki, nani anapanga ulinzi, yeye, senta au wewe kocha? Akijibu kwamba kijana asijali, benchi litafanya yote, mshukuru kwa chakula cha mchana, kisha nendeni mkakitembelee chuo kingine.