Kadi yangu ya benki imerudi ilikotoka, nifanyeje?

SWALI: Dada shikamoo. Mi nimefika Leipzig, Ujerumani, kuja kusoma masters, nakaa fleti na Wajerumani wawili. Benki wananiambia kadi yangu imerudi, eti kwenye hiyo anuani sijulikani, wakati mtaa na namba ya nyumba viko sawa kabisa na ndo nalala hapo hapo! Na mama yuko Tanga anataka kunitumia kifurushi posta, naogopa nacho kisije kikarudi.
Mgeni, Leipzig

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Hebu shuka chini sasa hivi ukaangalie boksi la barua, jina lako lipo? Nina hakika halipo. Sisi tumekulia S.L.P., barua inakusubiri posta mpaka uifuate, ila huko majengo mengi hata namba ya mlango haiandikwi kwenye anuani, tarishi anatafuta jina tu kwenye maboksi, akilikosa anarudisha. Bandika jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, kwenye boksi na kwenye kengele, halafu waombe benki watume tena. Na fanya haraka, maana ile nchi bado inaishi kwa karatasi: kadi ya benki, namba ya siri inayokuja bahasha nyingine siku nyingine, namba ya kodi, vyote vinapitia hapo kwenye boksi. Hata bili ya redio na tivii itakufuata, euro 18.36 kwa mwezi, uwe na tivii usiwe nayo, ila inalipwa moja kwa fleti nzima kwa hiyo waulize wenzio kwanza kama wanalipa.

Mzigo ukija na wewe hupo, mara nyingi anaachiwa jirani, usipige kelele umeibiwa kabla hujasoma kikadi ulichoachiwa. Kikisema uufuate dukani nenda na pasipoti, na usikae sana, ikipita kama wiki mzigo unarudishwa.

Kuhusu mama, fomu ya forodha pale posta ajaze ukweli, kitu gani na thamani yake. Zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45 haina ushuru. Kanga na vikoi aweke, nyama na vitu vya maziwa asithubutu. Na juu aandike jina lile lile la kwenye boksi, asije akaandika lile mnaloitana nyumbani.