Je, shabu inaweza kutolewa tena kwenye tope la kusafishia maji?

Swali: Mimi ni fundi katika kituo kidogo cha kusafisha maji pembeni mwa Lubumbashi. Salfeti ya alumini (shabu) ni ghali, nayo yote huishia kwenye tope la birika la kutulizia maji. Je, tunaweza kuitoa tena kwa asidi sulfuriki, ile inayotumika katika viwanda vya shaba?

Jibu: Ndugu fundi, inawezekana, ila shabu mtakayoipata isirudishwe kwenye maji ya kunywa.

Ndani ya tope, alumini imekuwa hidroksidi isiyoyeyuka. Mkitia asidi hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikishuka, ukali huzidi) ishuke kati ya 2 na 3, hidroksidi hiyo huyeyuka na kuwa tena salfeti ya alumini, nao udongo hubaki chini. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya alumini hudai takribani kilo 5.4 za asidi halisi. Tope lenye chokaa hudai zaidi, kwa sababu chokaa huila asidi na kugeuka jasi. Kwa hiyo lipunguzeni maji kwanza, na tope la mahali palipotiwa chokaa mliweke mbali.

Shida kubwa ni kwamba asidi haichagui. Pamoja na alumini huyeyusha chuma, manganizi na mabaki ya majani yaliyooza, na katika nchi ya machimbo kama Katanga, ambako mito huweza kubeba shaba na kobalti, nazo zitaingia humo humo. Mabaki hayo ya mimea yakikutana na klorini huzaa trihalomethani, ambazo ni hatari kwa afya ya wanywaji. Utando unaopitisha ioni za alumini na kuzuia mabaki hayo upo, lakini gharama yake sioni kituo kidogo kikiimudu.

Pelekeni basi kimiminika hicho cha shabu kwenye maji machafu, ambako alumini hunasa fosfati vizuri sana, baada ya maabara kupima metali zake. Kiasi cha kutia kipimeni kwa majaribio ya bilauri (kutia viwango tofauti kwenye bilauri za maji hayo na kuona kipi kinafaa), kwani nguvu yake hubadilika kila mara.

Nawasihi sana: asidi ndiyo imiminwe polepole ndani ya tope, kamwe si tope ndani ya asidi, na mfanyakazi avae miwani na glavu. Udongo unaobaki utiwe chokaa hadi ukali uishe kabla ya kutupwa.