Jibu: Mbona Hitler hayumo kwenye katuni ya Captain America?

Ndugu yangu, umeuliza mbona kwenye katuni anayotazama mwanao Captain America, shujaa wa hadithi za Kimarekani, anapambana na Hydra, kundi la waovu, ilhali picha ya jarida la zamani inamwonyesha akimtwanga Hitler. Hilo ni toleo la kwanza kabisa, la Machi 1941, kazi ya Joe Simon na Jack Kirby. Litazame vizuri jalada lake: ngumi imetua kwenye taya, Hitler anaanguka kinyumenyume, risasi inagonga ngao. Na Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani! Simon na Kirby wote walikuwa Wayahudi. Mateso ambayo Hitler aliwafanyia Wayahudi yaliwagusa.

Katuni ya 1966 ilichukua michoro ya majarida yenyewe, ikachezesha sehemu chache tu, kama midomo na macho. Ile ya Avengers, kundi la mashujaa alimo Captain America, iliyoanza 2010 ndiyo iliyowaweka Hydra mahali pa Wanazi, watu wa Hitler, vita ikiwa ile ile ya Pili ya Dunia. Naelewa ugumu wa kumwonyesha mtoto swastika, ile alama ya Wanazi, asubuhi anakunywa chai. Lakini kwangu hapo hadithi imeng'olewa mzizi. Hydra ni ya kubuni, haikuua mtu. Wanazi waliua Wayahudi milioni 6. Mwanao akikua kidogo, mwonyeshe jalada lile, umweleze anayepigwa ni nani.