Kusoma Kifaransa cha Sheria na Mazingira Ukiwa Upande Huu wa Ziwa

Ziwa Tanganyika lina nchi nne: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa hilo ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka inayousimamia ina makao yake Bujumbura. Kongo peke yake ina takriban asilimia 45 ya eneo la maji na Burundi ina takriban asilimia 8, kwa hiyo zaidi kidogo ya nusu ya ziwa iko chini ya nchi ambazo sheria zao nyingi huandikwa kwa Kifaransa. Nilipoanza utafiti wangu wa shahada ya uzamili juu ya haki za wavuvi na waanikaji wa dagaa katika mialo ya ziwa hili, nilisoma kwa Kiingereza tu mwaka mzima, nikaamini kwamba ninaandika habari za ziwa zima. Kumbe nilikuwa nikiandika habari za upande mmoja, na upande wa pili nikiubahatisha kwa muhtasari wa kurasa mbili ulioandikwa na watu wengine. Makala hii nawaandikia wanafunzi na watafiti wenzangu wa sheria, jamii na mazingira ambao wako mahali nilipokuwa wakati ule, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mtu anaweza kuusoma utafiti wa Kifaransa vizuri hata kabla hajaweza kuagiza chai kwa lugha hiyo, mradi aanzie mahali sahihi.

Mimi nilianzia mahali pasipo sahihi. Nilijifunza msamiati wa kawaida kwanza, kisha nikawa nayasoma maneno ya sheria kwa kuyafananisha na ya Kiingereza. Katika rasimu ya sura yangu ya tatu niliandika kurasa kadhaa nikichambua kile nilichokiita hukumu ya mahakama ya Kongo kuhusu zana za uvuvi, nikajadili hoja za hakimu na uzito wa uamuzi wake kwa mahakama za chini. Nilimpa rasimu hiyo rafiki yangu mwanasheria wa Uvira, upande wa Kongo, aliyekuwa amevuka kuja Kigoma kwa shughuli zake. Alisoma kimya kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa upole: “Dada, ile haiko hukumu. Iko arrêté ya ministre.” Neno arrêt, bila herufi ya mwisho, ni uamuzi wa mahakama ya juu, arrêté ni amri ya waziri, gavana au kiongozi mwingine wa serikali, karibu sawa na zile amri na kanuni ambazo kwetu mawaziri huzitoa na kuzichapisha katika Gazeti la Serikali. Herufi moja yenye alama juu yake ilikuwa imeigeuza kazi yangu ya miezi miwili kuwa maelezo ya kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Hakimu niliyemchambua hakuwapo kabisa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na ule ninaousisitiza kuliko yote, ni kujifunza kwanza maneno yanayotaja nani ametamka nini na kwa mamlaka gani. Loi hutungwa na bunge, décret na arrêté hutoka serikalini, arrêt hutoka mahakamani. Jurisprudence, ambayo msomaji wa Kiingereza ataidhania kuwa ni falsafa ya sheria, kwa Kifaransa ni mkusanyiko wa maamuzi ya mahakama, na doctrine ni maandishi ya wanazuoni wa sheria. Si maneno tu yanayotofautiana. Mpangilio wenyewe wa mamlaka unatofautiana. Kwetu Tanzania uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote zilizo chini yake, lakini kifungu cha 5 cha Code civil ya Ufaransa, yaani kitabu chao cha sheria za madai, kinawakataza mahakimu kutoa maamuzi kwa namna ya kanuni ya jumla. Maamuzi yao kwa hiyo ni mafupi sana yakilinganishwa na yetu, na kazi kubwa ya kuyafafanua hufanywa na wanazuoni katika majarida. Mtafiti aliyelelewa katika mapokeo ya Kiingereza anayesoma hukumu peke yake na kuyaruka maoni ya wanazuoni, akidhani ni nyongeza tu, ameacha nusu ya maana nje.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la vitabuni tu. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, baada ya kilomita 1,443, na sehemu kubwa ya mabishano ya kisheria kuhusu mradi huo yamefanyika Ufaransa. Ufaransa ina sheria ya tarehe 27 Machi 2017 inayozitaka kampuni kubwa ziwe na mpango wa kuzuia madhara kwa haki za binadamu na mazingira, hata yale yanayosababishwa na kampuni zao tanzu nchi za nje. Kwa sheria hiyo mashirika mawili ya Ufaransa na manne ya Uganda yaliifikisha mahakamani mwaka 2019 Total, kampuni ya mafuta ya Ufaransa yenye hisa kubwa zaidi katika bomba hilo. Baada ya miaka ya kubishana ni mahakama ipi yenye mamlaka ya kusikiliza, mahakama ya Paris ilitoa uamuzi tarehe 28 Februari 2023. Wengi wetu tulisikia kwamba wanaharakati wameshindwa. Neno lililomo katika uamuzi ni irrecevables: madai hayapokeleki. Mahakama iliona kwamba malalamiko yaliyoletwa mbele yake yalitofautiana kwa kiasi kikubwa na yale yaliyokuwa katika barua rasmi ya onyo, mise en demeure, ambayo sheria inataka itangulie kesi. Haikusema kwamba mpango wa kampuni ulitosha, wala kwamba haukutosha. Kati ya dai kutopokelewa na dai kukataliwa pana umbali mkubwa, na anayeandika juu ya ardhi za watu walio katika njia ya bomba hana haki ya kuufuta umbali huo kwa sababu ya uvivu wa tafsiri. Naomba radhi kwa ukali wa neno hilo. Nimeliona kosa hili katika tasnifu nyingi mno.

Kuhusu namna ya kusoma makala zenyewe nitasema kwa kifupi. Makala ya sheria ya Kifaransa ina umbo lake: utangulizi mrefu, kisha sehemu mbili, na kila sehemu mara nyingi imegawanywa mara mbili tena. Aya ya mwisho ya utangulizi hutangaza mpango wa makala nzima, nayo ndiyo ya kusoma kwanza ukiwa na kamusi, polepole, hata ikikuchukua saa moja. Ukishaielewa, kurasa thelathini zinazofuata huwa nyepesi. Hukumu za Cour de cassation, mahakama ya juu ya Ufaransa kwa kesi za madai na jinai, zilizotolewa kabla ya Oktoba 2019 zimeandikwa kama sentensi moja ndefu inayoanza kila hoja kwa attendu que, yaani “kwa kuwa”. Za baadaye zina aya zenye namba na lugha ya moja kwa moja, kwa hiyo anayeanza aanze na hizo mpya.

Maandishi ya kusoma bila malipo mtandaoni ni mengi kuliko wanafunzi wetu wanavyodhani. Hifadhi ya HAL ina makala na tasnifu ambazo watafiti wenyewe wameziweka. Persée ina matoleo ya zamani ya majarida, likiwemo Revue juridique de l'environnement lililoanza 1976. OpenEdition ina majarida ya sayansi za jamii, pamoja na VertigO la Montréal linalohusu mazingira. Lakini usitafute kwa Kiingereza. Andika foncier, neno linalobeba ardhi pamoja na haki, desturi na migogoro yake yote, nawe utaona mlango mwingine kabisa ukifunguka.

Mimi nilipoufungua mlango huo nilikutana na Étienne Le Roy, mwanaanthropolojia wa sheria wa Paris aliyefanya kazi miaka mingi juu ya ardhi za Afrika. Yeye alikataa kuuliza kama ardhi ina mwenyewe au haina. Alizipanga haki kwa ngazi: kufika, kuchuma, kusimamia, kuwazuia wengine, na mwisho kabisa kuuza. Nilikuwa nimeshakaa na mama mmoja pale kwenye mwalo wa Katonga, Kigoma, asubuhi nzima, yeye akigeuza dagaa kwenye chanja na mimi nikiandika. Aliniambia kwamba mchanga ule ni wa kila mtu, lakini mahali pa chanja zake aliachiwa na shangazi yake. Mwenzake anaweza kuanika hapo akimwomba, wavuvi wana haki ya kupitisha mtumbwi, na hakuna ruhusa ya kupauza hata kwa ndugu. Katika daftari langu niliandika “hana umiliki”. Baada ya kumsoma Le Roy nilirudi kwenye ukurasa ule nikakuta kwamba mama yule alikuwa amenitajia ngazi nne kati ya tano, kwa mpangilio, na mimi sikuwa na neno la kuzipokea.

Tafsiri ya mashine inafaa kukuonyesha kama makala inakuhusu, basi. Kila nukuu utakayoitumia ikae katika daftari kwa Kifaransa chake, na tafsiri yako kando yake, ili mwingine aweze kukusahihisha. Mimi na yule rafiki wa Uvira tulifanya hivyo kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973, tukijadiliana kwa Kiswahili huku karatasi ya Kifaransa iko katikati yetu. Kifungu cha 53 kinaifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola. Kifungu cha 389 kinazungumzia ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji, na kinasema kwamba haki zao za kuitumia na kunufaika nayo, droits de jouissance, seront réglés, yaani zitapangwa, kwa amri ya Rais. Nilitaka kuandika “zinapangwa”. Alinishika mkono, akaweka kidole chake juu ya neno seront, akaniuliza kama nimewahi kuiona amri hiyo. Ilikuwa 2023, miaka 50 tangu sheria itungwe, na amri ilikuwa bado haijatolewa.

Nikafuta, nikaandika “zitapangwa”, na sura yangu ya tatu ikaanzia hapo upya.